Sura ya Tatu: Nyumba Iliyozaa Jina la Fedha

Miongoni mwa maswali waulizayo watu wanaojifunza Kiingereza, hususan wale waliokwisha kukomaa katika Kiswahili chao na kuzoea kuyapima maneno ya wageni kwa mizani ya maneno yao wenyewe, limo moja lisilokosa kurudi kila mara: neno "money" asili yake ni nini? Swali hili lina sababu yake. Mswahili anaposema fedha anajua, hata kama hakukanyaga darasani, kwamba neno hilo lina maana mbili zilizofungamana: madini meupe yanayofuliwa pete, bangili na mikufu, na kile kinachotolewa sokoni ili kununulia unga na kanga. Mwarabu, ambaye kwake ndiko tulikolitwaa neno hilo, huliita hivyo yale madini. Mfaransa naye hali yake ni hiyo hiyo, kwa kuwa neno lake "argent" hubeba maana zote mbili. Basi msomaji hukisia, na kukisia kwake si kwa ujinga, kwamba Mwingereza naye hana budi kuwa amelichimbua neno lake katika dhahabu, au shaba, au chuma. Ndipo huuliza ni madini gani hayo yaitwayo "money".

Jawabu ni kwamba hamna madini yoyote ndani ya neno hili. Kabla halijawa jina la sarafu lilikuwa jina la nyumba ya ibada iliyosimama juu ya mlima katika mji wa Roma. Sura hii itaeleza jinsi jina la nyumba lilivyohamia kwenye sarafu, njia lililopita hata likafika Uingereza, na maana lilizo nazo leo. Na katika kueleza hayo nitadai jambo moja, kwamba jina hili, pamoja na ugeni wake, linatufunulia tabia ya fedha kuliko jina la madini yoyote, maana fedha hupokewa kwa ajili ya yule aliyeitia chapa kabla ya kupokewa kwa ajili ya kile ilichofuliwa.

Mlima, hekalu na visa vitatu

Kilatini ni lugha ya Warumi wa kale, ambayo hivi leo hakuna taifa linaloinyonya pamoja na maziwa ya mama, walakini ndiyo iliyozaa Kitaliano, Kifaransa, Kihispania na Kireno, na ndiyo iliyokikopesha Kiingereza sehemu kubwa sana ya msamiati wake. Watu wa lugha hiyo waliabudu miungu mingi, na mmoja katika iliyotukuzwa zaidi ni Juno, mke wa Jupiter, malkia wa mbingu na mlinzi wa ndoa. Juno alikuwa na lakabu nyingi, kila lakabu na hekalu lake, na mojawapo ni Moneta. Hekalu la Juno Moneta liliwekewa nadhiri vitani mwaka 345 K.K., yaani kabla ya Kristo, likafunguliwa mwaka 344 K.K. kwenye ngome ya mlima Capitolinus, mlima uliolitazama kutoka juu soko kuu la mji.

Mwanahistoria Livius asimulia kwamba kiwanja cha hekalu hilo kilikuwa zamani nyumba ya Marcus Manlius, mtu aliyeiokoa ngome, kisha akapendwa na mafukara kwa kuwalipia madeni yao, kisha akashitakiwa kwamba anautaka ufalme, akauawa kwa kuporomoshwa kutoka kwenye jabali, na nyumba yake ikabomolewa. Kwa hiyo mahali ambapo fedha ya Warumi ilipata jina lake palikuwa, kabla ya hapo, makao ya mtu aliyeponzwa na kulipa madeni ya wenziwe.

Na hiyo lakabu ya Moneta, maana yake ni nini? Warumi wenyewe waliitakidi kwamba imetoka katika kitenzi "monere", yaani kuonya, kunasihi au kukumbusha, hata Moneta akawa ndiye Mwonyaji. Na ili kuithibitisha itikadi hiyo walihadithiana visa vitatu:

1. Kisa cha mabata bukini. Mwaka 390 K.K., kwa hesabu ya Warumi, Wagalia waliuteka mji wote isipokuwa ngome. Usiku wakaupanda mwamba kwa kunyatia. Mbwa wasibweke, walinzi wasiamke, lakini mabata bukini wa Juno wakapiga kelele, Manlius akashituka usingizini na kuwasukuma maadui chini.
2. Kisa cha tetemeko. Cicero, msemaji mashuhuri wa karne ya 1 K.K., ameandika kwamba baada ya tetemeko la ardhi sauti ilisikika kutoka katika hekalu la Juno, ikiwaamuru watu watoe kafara ya nguruwe jike mwenye mimba.
3. Kisa cha Pyrrhus. Warumi walipokuwa wakipigana na mfalme huyo, kati ya mwaka 280 na 275 K.K., waliishiwa na fedha, wakamwendea Juno kwa shauri. Akawajibu kwamba wakizishika silaha zao kwa haki, fedha haitawapungukia.

Visa hivi vitamu, ila havistahimili kuhojiwa. Mabata bukini walipiga kelele miaka 46 kabla hekalu la Moneta halijafunguliwa. Vita vya Pyrrhus vilianza zaidi ya miaka 60 baada ya jina kuwepo. Na kuhusu nguruwe, Cicero mwenyewe, katika kitabu kile kile alimosimulia habari hiyo, anakuja kuuliza kwa kejeli ni onyo gani jingine ambalo Moneta amepata kuwapa Warumi mbali na hilo la nguruwe. Wajuzi wa zama zetu hawajakubaliana juu ya chimbuko la lakabu hii, na wapo wasioiunga mkono hata ile nasaba ya "monere". Lililo dhahiri ni kwamba Warumi waliliunganisha jina hili na ukumbusho tangu zamani: Livius Andronicus, mshairi wa karne ya 3 K.K. aliyewatafsiria utenzi wa Kiyunani, alimwita Moneta yule mungu ambaye Wayunani walimjua kuwa ni mungu wa kumbukumbu. Na ndani ya hekalu hilo zilitunzwa nyaraka za kitani zilizoandikwa majina ya watawala wa mji, mwaka baada ya mwaka.

Kwa ufupi: Moneta alikuwa mungu wa hekalu lililofunguliwa mwaka 344 K.K., na Warumi walilisikia ndani ya jina lake neno la kuonya na kukumbusha.

Kiwanda kando ya hekalu

Kando ya hekalu hilo, au ndani ya uwanja wake, Warumi waliweka kiwanda cha kufulia sarafu. Mahali hapo palifaa, kwa kuwa ngome ina ulinzi, na mwizi asiyemcha askari huenda akamcha mungu. Hapo ndipo dinari, sarafu ya fedha iliyoanza kufuliwa yapata mwaka 211 K.K., ilipotoka na kuenea katika nchi zote zilizoizunguka bahari ya Mediterania. Kazi hiyo ilisimamiwa na maafisa watatu vijana waliokuwa na cheo kirefu chenye maana ya watu watatu wa kusubu na kufua shaba, fedha na dhahabu, na ambao mara nyingi walitia majina yao kwenye sarafu walizozitoa.

Mmoja wao, Titus Carisius, alitoa mwaka 46 K.K. dinari iliyo ushahidi mzuri kuliko maelezo ya vitabu vingi. Ni kipande cha fedha kisichozidi gramu 4, chenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja pana kichwa cha mwanamke aliyefunga nywele, na nyuma ya kisogo chake herufi sita: MONETA. Ukigeuza upande wa pili huoni mfalme, wala mnyama, wala meli. Unaona vyombo vya kazi ya mhunzi, yaani fuawe, koleo, nyundo na chapa ya chuma. Kwa vyombo hivyo kazi ilikwenda hivi: kipande cha fedha kilichopashwa moto hushikwa kwa koleo na kulazwa juu ya chapa iliyopachikwa katika fuawe; chapa ya pili huwekwa juu yake; kisha nyundo hushuka kwa pigo moja zito, na picha mbili hutokea kwa mara moja, hii chini na hii juu. Yule mungu na vile vyombo, vikikutana katika sarafu moja, vinatuonyesha neno likiwa katikati ya safari yake, upande huu bado jina la mwenye hekalu, upande huu limekwisha kuwa jina la kazi ya kufua.

Namna neno lilivyohama si muujiza, kwani sisi nasi huyahamisha maneno vivyo hivyo kila siku. Tunaposema Ikulu imekanusha habari, hatuna maana kwamba kuta zimefunua kinywa; jina la nyumba limesimama badala ya wenye kukaa humo. Warumi kadhalika walisema Moneta wakimaanisha hekalu, kisha wakasema Moneta wakimaanisha kiwanda kilichokuwa hapo, kisha wakakiita moneta kiwanda chochote cha sarafu popote kilipo, na mwisho wakaiita moneta sarafu yenyewe.

Neno moja lililoingia Uingereza mara mbili

Mara ya kwanza neno hili lilichukuliwa na makabila ya Kijerumani yaliyofanya biashara na Warumi, nayo yakahamia nalo kisiwani Uingereza, ambako katika Kiingereza cha kale lilitamkwa "mynet", maana yake sarafu. Hilo ndilo lililokuja kuwa "mint", kiwanda cha kufulia sarafu. Msomaji asilichanganye na "mint" nyingine, jina la mmea wa mnanaa, kwa sababu hiyo imetoka katika neno jingine kabisa la Kilatini, nao ufanano wa sauti umetukia tu.

Mara ya pili lilikuja na watawala. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na kwa muda mrefu baada yake mahakama na makasri yalisema Kifaransa. Katika Kifaransa cha wakati huo neno moneta lilikwisha kulainika likawa "moneie", kwa maana herufi iliyokuwa katikati ilikuwa imemezwa na ndimi za vizazi vingi. Na kutoka humo Waingereza wakapata "money". Hivyo neno moja, kwa kuingia kwa milango miwili katika zama mbili, limezaa maneno mawili yaliyogawana urithi wa mzee wao: "mint" limechukua kile kiwanda, na "money" limechukua kilichotoka kiwandani.

Akraba wa neno hili wametapakaa Ulaya nzima:

- Kitaliano kinasema moneta, bila kubadili herufi hata moja.
- Kihispania kinasema moneda, na Kireno moeda.
- Kifaransa cha leo kinasema monnaie, ambalo ni sarafu za nchi na pia chenji anayorudishiwa mnunuzi.
- Kijerumani kinasema Münze, ambalo ni sarafu na kiwanda kwa pamoja.

Na ikiwa Warumi walisema kweli kuhusu "monere", basi ukoo ni mpana zaidi. Monita wa darasa, ambaye wanafunzi wetu humwogopa kwa kuyaandika majina ya wapiga kelele, jina lake limetoka katika kitenzi hicho, kwa kuwa kazi yake ni kuonya. Na Kiingereza huita "monument" jengo la ukumbusho kwa sababu hiyo hiyo. Kwa nasaba hiyo, monita na fedha ni ndugu wa babu mmoja.

Milango ambayo majina ya fedha huingilia

Neno "money" halikuwa jina la kwanza la fedha hata kwa Warumi wenyewe. Neno lao la kawaida lilikuwa pecunia, ambalo walilinasibisha na pecus, yaani mifugo, kwa kuwa utajiri wa mababu zao ulihesabiwa kwa vichwa vya wanyama. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye huenda mahari ya mama yake ilitolewa kwa ng'ombe, hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Na neno letu mali, lililotoka Arabuni, lilitumiwa na Waarabu wa jangwani kwa maana ya ngamia na mifugo yao. Ukiyakusanya majina ya fedha yanayojulikana kwetu, utaona yameingilia milango mitano:

1. Mlango wa madini: fedha, kama tulivyokwisha kuona.
2. Mlango wa mifugo: pecunia ya Kilatini, na mali kwa Waarabu wa jangwani.
3. Mlango wa hesabu na uzito: dinari, kutoka Kilatini denarius, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilibadilishwa kwa vipande kumi vya shaba, senti, kutoka neno la Kilatini la mia, na pauni, kutoka neno la uzito.
4. Mlango wa mfalme: riali, kutoka neno la Kihispania na Kireno lenye maana ya kitu cha kifalme.
5. Mlango wa mahali: "money" kutoka hekalu la Moneta, dola ya Marekani, na hela.

Mlango huu wa mwisho wataka kusimamiwa kidogo. Dola imetoka katika jina la Joachimsthal, mji wa Bohemia wenye migodi, ambao tangu yapata mwaka 1520 ulitoa sarafu nzito za fedha zilizoitwa kwa jina la mji, jina ambalo baadaye lilikatwa kichwa likabaki thaler. Na hela, neno ambalo kijana wa Dar es Salaam hulitamka bila kuwazia Ulaya, limetoka katika Heller ya Kijerumani, sarafu iliyopewa jina la mji wa Hall katika nchi ya Swabia, ambako ilianza kufuliwa. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walihesabu kwanza rupia moja kuwa pesa 64, hesabu iliyotoka Bara Hindi pamoja na neno lenyewe pesa. Kisha tangu mwaka 1904 wakaanza kufua sarafu za heller, rupia moja ikawa heller 100. Mwaka 1916, vita vilipowakatia njia ya bahari na sarafu zikaadimika, walizifua Tabora, katika karakana ya reli, heller za shaba nyeupe na nyekundu pamoja na sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Hela ni neno la namna moja na "money": yote mawili ni majina ya mahali palipokuwa na nyundo na fuawe, yakasahau mahali hapo yakabaki na fedha.

Maana za "money" leo

Mwingereza wa leo hulitumia neno hili kwa maana zisizopungua nne, na mwanafunzi atanufaika akizitenga:

- Sarafu na noti zilizomo mfukoni.
- Utajiri kwa jumla, hata kama umo katika nyumba na mashamba. Mtu huambiwa ana "money" ilhali mfukoni hana kitu.
- Ujira au faida, kama kazi inaposemwa kuwa ina fedha nzuri.
- Mafungu ya fedha, hasa katika lugha ya sheria, ambamo neno hili hutiwa katika wingi, jambo lisilo la kawaida kwingineko.

Wachumi nao, yaani wataalamu wa elimu ya mali na matumizi yake, huiita fedha kitu chochote kinachotenda kazi tatu: kubadilishana bidhaa, kupima thamani na kuweka akiba. Angalia kwamba katika ufafanuzi huo madini hayakutajwa. Noti ni karatasi, na fedha inayopelekwa kwa simu, kama ilivyozoeleka tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, ni maandishi katika daftari lisiloshikika. Na bado muuza samaki huipokea, akatoa samaki wake.

Jina linapobaki na fedha inapokwisha

Warumi wenyewe ndio waliotutolea hoja hii kwa gharama yao. Kuanzia enzi ya Domitian, aliyetawala mwaka 81 hadi 96 baada ya Kristo, sarafu zilianza kubeba picha ya Moneta wa Kaisari, mwanamke aliyeshika mizani mkono mmoja na pembe ya neema mkono wa pili, ishara ya uzito wa haki. Walakini makaisari walikuwa na majeshi ya kulipa, na Nero alikwisha kuonyesha njia mwaka 64 kwa kuipunguza fedha iliyomo katika dinari. Watawala wengi waliofuata wakaongeza shaba kidogo, hata ilipofika mwisho wa enzi ya Gallienus, mwaka 268, sarafu iliyoitwa ya fedha haikuwa na sehemu 5 za fedha katika sehemu 100. Picha za Moneta hazikukoma. Na yapata mwaka 301, Diocletian alipotoa amri ya kuweka kikomo cha bei za bidhaa nyingi kwa sababu watu walikuwa wakidai sarafu nyingi zaidi kwa kitu kile kile, sarafu zake za shaba ziliandikwa Moneta Takatifu. Kadiri madini yalivyopungua, ndivyo jina lilivyotukuzwa.

Kisa cha pili kinakwenda kinyume. Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki mwaka 1780, na sarafu ya fedha yenye sura yake na tarehe ya mwaka huo iliendelea kufuliwa bila kubadilishwa kwa zaidi ya karne moja, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani ya Afrika Mashariki waliijua chapa hiyo na uzito wake haukuwahi kuwahini. Kaisari aliye hai, mwenye majeshi, alikataliwa shaba yake; malkia aliyekwisha zikwa alipokewa, maana nyumba iliyosimama nyuma ya chapa yake haikubadili ahadi.

Muhtasari wa sura

- "Money" limetoka katika Moneta, lakabu ya Juno, ambaye hekalu lake lilipakana na kiwanda cha sarafu cha Roma.
- Neno lilihama kutoka mungu hadi hekalu, kutoka hekalu hadi kiwanda, na kutoka kiwanda hadi sarafu.
- Liliingia Kiingereza mara mbili, likazaa "mint" na "money".
- Majina ya fedha huingilia milango mitano, na "money", dola na hela yote yameingilia mlango wa mahali.
- Thamani ya fedha imo katika uaminifu wa mwenye kuitia chapa. Madini ni shahidi wake tu, na shahidi aweza kuondolewa barazani kesi ikaendelea.

Sura ifuatayo itashughulika na neno benki, ambalo halikutoka hekaluni bali barazani, katika ile meza ya mbao ambayo wabadilishaji wa fedha wa Italia waliitandika hadharani ili kila mtu azione sarafu zikihesabiwa.